Kutoka Boise hadi Missoula: kulala msituni bila kulipa na bila kuomba ruhusa

Gari linatoka Boise asubuhi, na ndani yake kuna mtu mmoja tu. Nyuma ameweka hema ndogo, blanketi nzito, bido mbili za maji, sufuria, kijembe cha kuchimbia na ramani ya karatasi. Muda si mrefu majumba yanaisha, barabara inaanza kupanda mlima, na rezo ya telefone inapotea. Jioni msafiri huyo atalala msituni. Hatalipa hata franka moja, hataomba ruhusa kwa chifu wala kwa polisi, na hakuna atakayemuuliza kitambulisho.

Huo si ujanja, na wala havunji sheria. Magharibi mwa Marekani, sehemu kubwa ya misitu na mapori ni mali ya umma, na sheria inamruhusu mtu yeyote kupiga hema humo kwa siku kadhaa. Kila kiangazi watu wengi hufunga safari ya namna hiyo kwa vakansi, wengine na familia, wengine peke yao kabisa.

Barabara hii ya kutoka Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho, hadi Missoula, katika jimbo la Montana, ina urefu wa kilomita zaidi ya 600. Kuna jambo linaloifanya iwahusu Wakongo: katika miji hiyo miwili wanaishi watu waliotoka mashariki mwa Kongo. Missoula ilipoanza tena kupokea wakimbizi mwaka wa 2016, familia ya kwanza kufika ilitoka Kongo. Na katika mwaka wa bajeti wa 2024, Kongo ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, karibu watu 20,000, kabla serikali mpya haijasimamisha mpango huo mwezi wa kwanza 2025.

Kwa mtu aliyetoka Masisi, Rutshuru au Walikale, habari ya kulala msituni kwa kupenda inashangaza. Kule, anayelala msituni ni yule aliyekimbia risasi. Neno kambi linakumbusha Mugunga, Bulengo au Kanyaruchinya: hema za shitingi juu ya mawe ya volkeno, foleni ya maji, mvua inayoingia usiku. Huku Idaho, kupiga kambi ni raha. Hema ni lile lile la kitambaa, na usiku ni ule ule. Tofauti ni kwamba mtu amechagua mwenyewe, na kesho ana mahali pa kurudi.

Ardhi ya nani?

Ili kuelewa jambo hili, inafaa kutenganisha mbuga za taifa na misitu ya taifa. Mbuga ya taifa, kama Yellowstone iliyoanzishwa mwaka wa 1872, inafanana na ile ambayo Wakongo wanaijua. Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925 kwa jina la Albert, ilifuata wazo hilo hilo: mipaka mikali, wanyama wanalindwa, mgeni analala pale alipopangiwa na mara nyingi analipa.

Msitu wa taifa ni kitu kingine. Idara ya Misitu ya Marekani iliundwa mwaka wa 1905, wakati wa rais Theodore Roosevelt, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Gifford Pinchot. Kwao msitu ulikuwa wa kutumiwa, lakini bila kuumaliza. Ndiyo maana hadi leo katika misitu hiyo kampuni zinakata miti kwa mkataba, wafugaji wanachunga ng'ombe kwa kibali, wawindaji wanawinda kwa msimu, na msafiri analala bure.

Idara hiyo inasimamia hekta milioni 78, yaani kama theluthi moja ya Kongo nzima. Shirika lingine la serikali kuu, linalojulikana kwa herufi BLM na lililoundwa mwaka wa 1946, linasimamia hekta karibu milioni 99 za nyanda kavu, majangwa na vilima. Ukiziweka pamoja unapata eneo linalofikia robo tatu ya Kongo. Katika jimbo la Idaho peke yake, zaidi ya asilimia 60 ya ardhi yote iko mikononi mwa serikali kuu.

Kule Kivu, msafiri anayeshikwa na usiku njiani anapiga hodi kwa chifu wa kijiji, anajieleza, anaonyeshwa pa kulala. Katika misitu ya Idaho hakuna wa kupigiwa hodi, maana mwenye ardhi ni kila mtu. Lakini ardhi ya kila mtu huharibika upesi. Kwa hiyo mahali pa mlinzi wa mlangoni pamechukuliwa na orodha ya masharti, na anayeyasimamia mara nyingi ni msafiri mwenyewe.

Barabara namba 21

Njia inayotumiwa na wengi ni barabara namba 21. Inaanzia Boise, inapita kando ya ziwa la bwawa la Lucky Peak, kisha inaingia katika Msitu wa Taifa wa Boise, kati ya misonobari mirefu yenye magome mekundu.

Kituo cha kwanza ni Idaho City. Mwenyeji wa Kamituga au Mongbwalu angeielewa historia yake bila kufundishwa. Dhahabu iligunduliwa katika bonde hilo mwaka wa 1862, na muda mfupi baadaye watu wakafurika kwa maelfu, wakiwemo wachimbaji wengi kutoka China. Kwa kipindi kifupi mji huo ulipita hata Portland kwa idadi ya watu. Dhahabu ilipopungua, watu wakaondoka. Leo ni kijiji tu, na kando ya mito bado kuna malundo ya mawe yaliyopinduliwa na wachimbaji na mitambo yao.

Baada ya Idaho City barabara inapanda, inashuka hadi Lowman, halafu inafuata mto Payette. Hapo maji ya moto yanatoka chini ya miamba na kuingia mtoni, na wasafiri wanaoga humo hata asubuhi ya baridi kali. Mbele tena ni mlima wa Banner, mita zaidi ya 2,100. Kipande hicho hufungwa mara kwa mara wakati wa baridi, kwa kuwa theluji huporomoka kutoka mlimani na kufunika barabara. Ndiyo maana safari hii inafanyika zaidi kati ya mwezi wa saba na mwezi wa tisa.

Halafu milima inafunguka na Stanley inaonekana, kijiji cha watu wapatao mia moja chini ya safu ya milima ya Sawtooth, ambayo vilele vyake vimechongoka kama meno ya msumeno. Stanley iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi kuliko Goma, na inajulikana kama moja ya sehemu zenye baridi zaidi nchini humo. Hata mwezi wa saba maji yanaweza kuganda usiku ndani ya sufuria. Anayekuja na blanketi jepesi hatalala.

Usiku wa Stanley una sifa nyingine. Tangu mwaka wa 2017, eneo hilo ni hifadhi ya giza: wakaaji wa miji ya karibu wamekubali kupunguza taa za nje ili nyota zionekane. Wakaaji wa Goma na Bukavu, waliozoea umeme kukatika, wanalijua giza vizuri. Huku Idaho giza linalindwa, na watu wanasafiri kutoka mbali kulitazama.

Kutoka Stanley, barabara namba 75 inateremka pamoja na mto Salmon, yaani mto wa samaki aina ya salmoni. Samaki hao huzaliwa katika maziwa ya milimani, huenda baharini wakiwa wadogo, kisha hurudi kuzaa pale pale walipozaliwa. Kurudi kwao ni safari ya kilomita karibu 1,450, wakipanda maji na kupita mabwawa manane. Mwaka wa 1992, salmoni mwekundu mmoja tu, dume, ndiye aliyefika katika ziwa la Redfish karibu na Stanley. Watu walimpa jina la Larry Mpweke, na mbegu zake zikatumiwa katika kazi ya kuokoa kizazi cha samaki hao. Wasafiri wengi wa peke yao wanaosimama penye ziwa hilo huisikia hadithi yake.

Baada ya Challis misonobari inapungua, vilima vinakuwa vikavu na vyenye vichaka vya rangi ya majivu. Hapo sehemu kubwa ni ardhi ya BLM. Upande wa magharibi kuna pori la Frank Church, lililotengwa mwaka wa 1980, lenye kilomita za mraba zaidi ya 9,000, kubwa kuliko Virunga nzima. Ndani yake huwezi kuvuka kwa gari. Anayetaka kuingia anakwenda kwa miguu, kwa farasi, kwa mtumbwi wa mpira au kwa ndege ndogo.

Mji wa Salmon ndio wa mwisho kabla ya mpaka wa jimbo. Kutoka hapo barabara namba 93 inapanda hadi Lost Trail, mita zaidi ya 2,100, inaingia Montana, inateremka katika bonde la Bitterroot na kufika Missoula.

Masharti ya usiku mmoja

Anayelala nje ya kambi rasmi hapewi choo, maji, meza wala mtu wa kukusanya takataka. Anajitegemea kwa kila kitu, na sheria zinamfuata hadi ndani ya hema.

Kwanza ni siku. Katika misitu mingi na katika ardhi ya BLM, mtu haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Sehemu zingine wanaruhusu chache zaidi. Baada ya hapo anahama.

Pili ni barabara. Kila msitu wa taifa una ramani ya bure inayoonyesha njia ambazo gari linaweza kupita. Njia isiyokuwa kwenye ramani imefungwa, hata kama inaonekana wazi kwa macho. Ramani hiyo hupatikana katika ofisi za walinzi wa msitu, na ni vizuri kuwa nayo kwenye karatasi, kwa kuwa rezo hakuna. Walinzi hao ndio pia wanaojua barabara gani imekatwa na mafuriko na mahali gani moto umepigwa marufuku.

Tatu ni mahali. Msafiri anashauriwa kutafuta pale ambapo wengine wamekwisha kulala, penye udongo uliokanyagwa na duara la mawe ya moto, badala ya kuharibu majani mapya. Hema liwe mita kama 60 kutoka mtoni au ziwani. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, nalo mita 60 kutoka majini, kisha linafukiwa. Ndiyo kazi ya kile kijembe. Maji ya mto yanaonekana safi kama kioo, lakini yanachemshwa au kuchujwa, kwa sababu yana vijidudu vinavyoharisha.

Nne ni chakula. Katika milima hii kuna dubu, mnyama mkubwa mwenye manyoya asiyepatikana Kongo, ambaye pua yake inasikia harufu ya nyama kutoka mbali sana. Chakula, sabuni, dawa ya meno na takataka havilali ndani ya hema. Vinafungiwa ndani ya gari, au vinatundikwa juu ya mti mbali na mahali pa kulala. Katika misitu mingi ya Montana, kuacha chakula nje ni kosa la kulipa faini. Sababu ni rahisi: dubu aliyeonja chakula cha watu atarudi, na mwishowe atapigwa risasi. Uzembe wa mtu mmoja kwa usiku mmoja unamuua mnyama baada ya yeye kuondoka.

Tano, na kubwa kuliko zote, ni moto. Mwezi wa nane 1910, moto uliosukumwa na upepo mkali uliteketeza zaidi ya hekta milioni moja katika Idaho na Montana kwa muda wa siku mbili hivi, ukaua watu 85 hivi, wengi wao wazima moto. Tukio hilo ndilo lililoifanya Idara ya Misitu kuwa kama jeshi dhidi ya moto. Bado hatari ipo. Mwaka wa 2024 moto ulioitwa Wapiti, uliowashwa na radi, uliunguza hekta zaidi ya 50,000 karibu na Stanley na kufunga barabara namba 21. Lakini mioto mingi nchini Marekani huanzishwa na watu: sigara, gari, au moto wa kupikia ulioachwa ukiwa bado una makaa.

Kwa hiyo kuni zinazokusanywa ni zile zilizokauka na kuanguka zenyewe. Kabla ya kulala au kuondoka, moto unamwagiwa maji, unakorogwa, unamwagiwa tena, kisha mtu anapeleka kiganja cha mkono juu ya majivu. Kama bado kuna joto, moto haujazimika. Na katika wiki za ukame, marufuku yanapotangazwa, hakuna kuwasha kuni kabisa. Msafiri anapika kwa jiko dogo la gesi au anakula mkate.

Peke yake

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema wazee. Kusafiri peke yako katika milima isiyo na rezo ni kinyume cha malezi ya Wakongo wengi, ambao hata kwenda sokoni wanatafuta mwenzi. Na kweli, upweke una gharama zake. Mguu ukiteguka, hakuna wa kukubeba. Gari likizama katika tope kwenye njia ya msituni, mtu anaweza kungoja siku nzima kabla gari lingine halijapita.

Wanaojua kazi hiyo wanajilinda kwa mambo machache. Wanamwachia mtu karatasi yenye njia yote, mahali pa kulala kila usiku na saa ya kutoa habari. Ikipita saa hiyo bila habari, mtu huyo anaita polisi wa eneo. Wanabeba pine ya akiba iliyojaa upepo, maji ya siku mbili zaidi, na mafuta ya kutosha, maana vituo vya mafuta viko mbali. Gari la kawaida linakula litri kama 50 kwa njia yote. Wengine wana kifaa kidogo kinachotuma ujumbe kwa satelaiti. Wanafika mahali pa kulala kabla ya jua kuzama, na wanageuza gari kuelekea barabarani, ili wakihitaji kuondoka usiku wasipoteze muda.

Faida yake ni kimya. Mtu anayelea watoto, anayefanya kazi ya usiku kiwandani na kusaidia ndugu walioko Goma na Uvira kwa simu kila siku, hapati nafasi ya kusikia mawazo yake mwenyewe. Msituni, kuanzia saa kumi na mbili jioni, hakuna anayemwita.

Waliofukuzwa na wasiotarajiwa

Ardhi hii inayoitwa ya watu wote ilikuwa na wenyewe. Katika milima ya Sawtooth na kando ya mto Salmon waliishi Washoshone, wakiwemo wale wa milimani waliowinda kondoo wa porini. Mwaka wa 1879 jeshi la Marekani liliwaandama hao wa milimani, na waliobaki wakapelekwa katika hifadhi ya Fort Hall. Upande wa Montana, chifu Charlo na Wasalish wake walilazimishwa kuacha bonde la Bitterroot mwaka wa 1891. Misitu ya taifa ilitangazwa juu ya ardhi iliyokwisha kuondolewa watu. Wanaokumbuka jinsi Wabatwa walivyofukuzwa katika mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka wa 1970, wataona kwamba historia hizo mbili zinafanana.

Hata hivyo hawakupoteza kila kitu. Mkataba wa Fort Bridger wa mwaka wa 1868 uliwaachia Washoshone na Wabannock haki ya kuwinda katika ardhi ya Marekani isiyokaliwa na watu, na hadi leo kizazi chao kinaitumia haki hiyo. Katika bonde la Lemhi, karibu na mji wa Salmon, ndiko alikozaliwa Sacagawea, yule mwanamke Mshoshone aliyetekwa akiwa msichana na kupelekwa mbali. Mwaka wa 1805 alirudi huko akiwa na mtoto mgongoni, pamoja na msafara wa Lewis na Clark, akakuta kwamba chifu wa watu wake ni ndugu yake.

Watu weusi nao hawakukaribishwa sana barabarani. Kuanzia mwaka wa 1936 hadi miaka ya 1960, msafiri mweusi alitembea na kitabu cha Victor Hugo Green, mpeleka barua wa New York, kilichoorodhesha hoteli na migahawa isiyomfukuza. Hata leo, wengi wa wanaopiga hema katika misitu ya taifa ni wazungu, na mtu mweusi aliye peke yake kwenye njia ya msituni anaweza kutazamwa mara mbili.

Lakini si mgeni katika njia hizo. Mwaka wa 1897, kutoka Fort Missoula, askari 20 weusi wa kikosi cha 25 cha jeshi la nchi kavu walipanda baiskeli chini ya luteni mmoja mzungu, James Moss, wakaenda hadi St. Louis. Walisafiri kilomita zaidi ya 3,000 kwa siku 41, katika tope, theluji na jua, wakilala nje na kubeba hema na chakula juu ya baiskeli. Mwaka uliotangulia walikwisha kwenda Yellowstone na kurudi. Wanaosukuma chukudu kutoka Kibumba hadi Goma wangewaheshimu.

Wasio na nyumba nyingine

Kati ya hema na magari yaliyosimama chini ya misonobari, si yote ni ya watu walio kwenye vakansi. Bei ya nyumba za kupanga imepanda sana katika miji ya magharibi, Boise na Missoula zikiwemo. Kuna wazee wanaoishi ndani ya gari na kuhama kila baada ya siku 14, kwa sababu pensheni haifiki mwisho wa mwezi. Mwandishi wa habari Jessica Bruder aliandika kitabu juu yao mwaka wa 2017, na filamu iliyotokana nacho, Nomadland, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka wa 2021.

Mwezi wa sita 2024, mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala nje katika maeneo ya umma, hata kama hawana pengine pa kwenda. Kesi ilitoka Grants Pass, katika jimbo jirani la Oregon. Mwezi wa tano 2025, katika jimbo hilo hilo, Idara ya Misitu ilifunga sehemu ya msitu wa Deschutes karibu na mji wa Bend kwa ajili ya kazi ya kupunguza hatari ya moto, na watu waliokuwa wakiishi humo, baadhi kwa miaka, wakaambiwa waondoke.

Hapo ndipo maana mbili za neno kambi zinapokutana. Hema la mwenye nyumba Boise na hema la aliyefukuzwa katika nyumba ya kupanga vinaweza kusimama mita mia moja kutoka kwa kila mmoja. Sheria ya siku 14 inawahusu wote wawili. Mmoja haimsumbui, maana siku ya tatu atakuwa amerudi kwake. Mwingine inamhamisha bila mwisho. Wakongo waliohama kutoka Kibati hadi Mugunga, kisha kutoka Mugunga hadi kwingine, hawahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo.

Ardhi iliyokaribia kuuzwa

Haki hiyo ya kulala msituni inategemea jambo moja: kwamba ardhi inabaki ya umma. Mwezi wa sita 2025, seneta Mike Lee wa jimbo la Utah alipendekeza kuuza mamilioni ya ekari za ardhi hiyo katika majimbo ya magharibi, akisema zitajengwa nyumba. Waliompinga hawakuwa wapenda mazingira peke yao. Wawindaji, wavuvi na wapanda farasi, wengi wao wapiga kura wa chama chake mwenyewe, walipiga simu na kuandamana. Maseneta wa Idaho na Montana, wa chama hicho hicho, walikataa. Tarehe 28 mwezi huo, Lee aliliondoa pendekezo lake.

Mjadala haukuisha hapo. Mwaka huo huo Idara ya Misitu ilipunguziwa wafanyakazi, na walinzi waliobaki wana njia nyingi za kutunza na vyoo vingi vya kusafisha. Hapo pia Wakongo wana la kulinganisha. Virunga inalindwa na walinzi wenye bunduki, na zaidi ya 200 kati yao wamekwisha uawa wakiwa kazini. Mkulima wa Rutshuru anayechoma makala mbugani hafanyi hivyo kwa chuki na miti. Nyumbani hakuna gesi, na shamba lake limetekwa. Msitu ulio wazi kwa kila mtu, bila mlango na bila bunduki, unahitaji kwanza amani, kisha watu ambao wana kitu cha kupika jioni.

Asubuhi ya mwisho, juu ya bonde la Bitterroot, msafiri anayeshika masharti ana kazi ya dakika ishirini kabla ya kuwasha gari. Anakunja hema likiwa bado na umande. Anamwaga maji juu ya majivu, anakoroga, anaweka kiganja. Anazunguka mahali pote akiinama, akiokota hata kifuniko cha chupa ambacho si yeye aliyekitupa. Anayarudisha mawe na matawi pale yalipokuwa.

Baada ya hapo anashuka hadi Missoula, rezo inarudi, na telefone inaanza kulia kwa ujumbe wa siku nne. Mwingine atafika pale pale jioni hiyo hiyo, naye hataulizwa kitambulisho.